Kitabu cha kwanza cha kalkulasi: kisa cha fundi umeme mmoja wa Morogoro

Fundi alikuja nyumbani kwangu mwezi wa kwanza kubadilisha soketi ya jikoni iliyokuwa ikitoa cheche. Alipomaliza kazi akanawa mikono, akasimama mbele ya rafu ya vitabu sebuleni, akawa anasoma migongo ya vitabu kimoja kimoja.

"Samahani mwalimu," akasema. "Kati ya hivi, kipi kinafaa mtu anayejisomea kalkulasi mwenyewe?"

Kalkulasi ni hisabati ya vitu vinavyobadilika. Nikamuuliza anaitaka ya nini. Alikuwa na jibu tayari: "Nataka kujua kapasita inavyojaa chaji. Kwenye vitabu vya umeme wanaandika dv, chini yake dt, halafu wanaendelea kama vile kila mtu anajua. Mimi nabaki palepale."

Swali la kitabu gani nimeulizwa miaka yote niliyofundisha hisabati, na mara nyingi nimelijibu vibaya. Nilikuwa nataja jina la kitabu, mtu anashukuru, anaondoka. Huyu nilimwambia avute kiti. Yaliyofuata nayaandika kwa ruhusa yake, jina nimeliacha, kwa sababu najua wako wengi waliokwama alipokuwa amekwama, na wengi wao wanaamini hisabati si ya watu kama wao.

Hali yake ilikuwa hivi. Ana miaka 29. Alimaliza kidato cha nne, hisabati akapata D, akaenda VETA kusomea umeme, na sasa anafunga pampu za sola kwa wakulima wa Kilosa na Mvomero. Kalkulasi hakuwahi kufundishwa hata siku moja, na hilo si kosa lake. Hisabati ya kawaida ya kidato cha nne hapa Tanzania haifiki huko. Mwenzake aliyesoma Kenya kwa mfumo wa 8-4-4 alikutana na difrensiesheni (kutafuta kasi ya badiliko) na integresheni (kujumlisha vipande vidogo) akiwa kidato cha nne hichohicho. Muda wake wa kusoma ni baada ya saa tatu usiku, kama dakika arobaini, watoto wakishalala. Vifaa vyake ni simu, kikokotozi, na kaunta buku moja. Kiingereza cha vitabu anakisoma polepole, lakini anakielewa.

Na alikuwa amehangaika miezi minane. Hilo ndilo lililonigusa. Hakuja mikono mitupu. Alikuja akiwa ameshindwa na vitabu viwili na mkusanyiko mmoja wa noti.

Cha kwanza kilikuwa Calculus cha James Stewart, mwanahisabati wa Canada aliyefariki 2014. Alitumiwa faili lake kwenye kundi la WhatsApp. Ni kitabu kizuri, kimefundishia vyuo vingi sana vya Amerika Kaskazini, na michoro yake imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini kina kurasa zaidi ya elfu moja, na kimeandikwa kwa mwanafunzi mwenye mhadhiri anayemwambia wiki hii soma hapa, pale ruka, maswali haya fanya, yale acha. Fundi hakuwa na mtu wa kumwambia aruke nini, kwa hiyo hakuruka kitu. Tena alikuwa anakisoma kwenye simu: kuona mchoro lazima avute ukurasa, akiuvuta maelezo yanatoka nje ya kioo, akirudi kwenye maelezo mchoro umepotea. (Faili za namna ile zinazosambazwa bila idhini ya mchapishaji mimi sizigawi. Kama mtakavyoona, hata haja yake haipo.)

Cha pili alikipata baada ya kusoma mahali kwamba kitabu bora kuliko vyote ni cha Michael Spivak, kilichotoka 1967. Sibishi juu ya ubora wake. Kuna kurasa zake ninazozirudia kwa mapenzi mpaka leo. Lakini sura yake ya kwanza inahusu tabia za msingi za namba, na huko unathibitisha mambo kama kwa nini namba yoyote ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Limiti, yaani namba ambayo kitu kinazidi kuisogelea, zinakuja sura ya tano. Difrensiesheni inakuja sura ya tisa. Ni kitabu cha mtu anayejua kukokotoa tayari, sasa anataka kujua nyumba imesimama juu ya msingi gani. Fundi alikaa kwenye sura ya kwanza wiki tatu, akidhani kalkulasi yenyewe ndiyo hiyo.

Baada ya hapo akaazima noti za kidato cha tano kwa mdogo wake. Zile zilimfundisha kitu kimoja: shusha kipeo, kisha kipunguze moja. Ukimpa x kwa kipeo cha tano anakurudishia haraka 5x kwa kipeo cha nne. Ukimuuliza hiyo 5x kwa kipeo cha nne ni nini, hana la kusema.

Nilimpa karatasi tupu. Nikaandika juu yake 1/x, nikamwomba atafute mteremko wake kwa kuanzia mwanzo kabisa, bila kushusha kipeo. Alijua njia. Akaandika 1/(x + h), h ikiwa hatua ndogo, akatoa 1/x, akaweka mstari, akagawanya yote kwa h. Mkono haukusita hata kidogo. Kisha mstari wa pili akaandika kwamba 1/(x + h) ni sawa na 1/x + 1/h.

Sikusema kitu. Mstari wa tatu, 1/x mbili zikafutana, ikabaki 1/h. Akagawanya kwa h tena, akapata 1/h². Akaiangalia. Ukiifanya h iwe ndogo zaidi na zaidi, 1/h² inapaa bila mwisho. Akaweka kalamu chini.

"Ndiyo hapa mwalimu. Limiti huwa zinanishinda hapa."

Nikamwambia aweke 2 mahali pa x na 3 mahali pa h, kwenye ule mstari wa pili. Upande wa kushoto akapata moja ya tano, yaani 0.2. Upande wa kulia akapata nusu kujumlisha theluthi, ambayo ni tano ya sita, zaidi ya 0.8. Alinyamaza. Kisha akalivuta kaunta buku lake la miezi minane, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akilikuta kosa lilelile limekaa mahali pengi. Mahali pamoja alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: limiti hazieleweki. Juu ya maneno hayo palikuwa na sehemu mbili zilizojumlishwa vibaya.

Hapa ndipo kisa chote kilipogeukia. Mtu aliamini amekwama kwenye kalkulasi, kumbe alikwama kwenye sehemu, zile namba za juu na chini kama nusu na theluthi, alizofundishwa akiwa kidato cha kwanza. Vitabu vyote viwili alivyojaribu vinachukulia kwamba aljebra unayo mkononi, kama vile wewe unavyochukulia kwamba fundi anayepanda nguzo anajua kufunga mkanda. Mwandishi anaruka mstari mmoja wa aljebra kwa sababu kwake ni mstari wa kawaida, na msomaji anadhani ameruka wazo zito la kalkulasi. Hakuna jina la kitabu ambalo ningelitaja siku ile likamsaidia. Ningempa kitabu cha tatu, naye angeongeza jina la tatu kwenye orodha ya vilivyomshinda.

Kwa hiyo tulitumia wiki sita kwenye vitabu vya sekondari vya kawaida kabisa: kujumlisha na kutoa sehemu zenye herufi, kufungua mabano, kutafuta vigawo, vipeo hasi na vipeo vya sehemu, mlinganyo wa mstari na mteremko wake. Sina mengi ya kusema kuhusu wiki hizo. Alifanya maswali, akakosea, akafanya tena. Mwishoni nilimrudishia ile 1/x. Safari hii tofauti ya sehemu mbili ikatoka −h juu na x(x + h) chini, h zikafutana, ikabaki −1/(x(x + h)), na h ilipokwenda sifuri akapata −1/x². Nikamwambia asiniamini mimi, achukue kikokotozi. Akaweka x kuwa 2. Kwa h ya 0.1 akapata −0.2381. Kwa 0.01, −0.2488. Kwa 0.001, −0.249875. Na −1/x² pale kwenye 2 ni −0.25. Aliangalia zile namba zikisogelea robo, akacheka kwa sauti.

Hilo la kikokotozi nalishikilia sana kwa mtu anayejisomea. Hana mwalimu wa kumsahihishia, lakini karibu kila jibu la difrensiesheni linaweza kupimwa kwa namba ndogo kama hivyo, usiku wa manane, bila kumwamsha mtu.

Sasa tukarudi kwenye kitabu. Mezani niliweka vitatu. Kimoja ni Backhouse, Pure Mathematics, ambacho aliyepita kidato cha tano na sita katika nchi zetu hizi huenda anakifahamu kwa jina hilo moja tu. Nakala zake kuukuu bado hupatikana kwa wauza vitabu vya mitumba. Cha pili ni juzuu ya kwanza ya Calculus ya OpenStax, ya Gilbert Strang na Edwin Herman, iliyotoka 2016, ambayo mtu anaipakua bure na kihalali. Cha tatu ni Calculus Made Easy cha Silvanus Thompson, cha mwaka 1910. Thompson alifariki 1916, haki za kitabu hicho zilishakwisha, na Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, wanacho, kwa hiyo unaweza kukipeleka steshenari wakakuprintia na kukibana bila kumwibia mtu.

Sikumwuliza anakipenda kipi. Nilimpa kurasa tano za kila kimoja, penseli, na siku tatu kwa kila kimoja. Sharti lilikuwa: kila penye mfano, funika jibu, fanya mwenyewe kwanza, ukikwama, andika sentensi moja ya kueleza umekwama kwenye nini. Nilichokuwa natafuta ni hizo sentensi. Mtu akiandika "sielewi", kitabu hicho bado si chake. Akiandika "sioni hii 2 imetoka wapi", kitabu hicho kinamfaa, kwa sababu anajua tundu liko wapi na anaweza kuliziba.

Kwa OpenStax sentensi zake zilikuwa nzuri, ila simu ilimtesa tena, na sura ya kwanza nzima ni marudio ya fanksheni na grafu kabla hata hujafika kwenye limiti za sura ya pili. Kwa Backhouse aliandika maswali mazuri lakini akasema anafanya bila kujua anaelekea wapi. Kwa Thompson alirudi na karatasi imejaa pande zote mbili.

Sababu ilikuwa ngazi. Thompson alikuwa profesa wa fizikia na umeme katika chuo cha ufundi huko Finsbury, London, na aliwaandikia watu wanaofanana sana na fundi wangu. Katika sura ya tatu anaegemeza ngazi ukutani na kuuliza: ukivuta mguu wa ngazi kidogo kutoka ukutani, kichwa chake kinashuka kiasi gani? Fundi alikwishafika mbali kuliko kitabu. Alichora ngazi yake mwenyewe ya mita 5, mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani na kichwa mita 4 juu. Akavuta mguu sentimita 1, akakokotoa kwa Pithagora, akapata kichwa kimeshuka sentimita 0.75 hivi. Halafu akaweka mguu mita 4 na kichwa mita 3, akavuta sentimita 1 ileile. Safari hii kichwa kilishuka sentimita 1.34 hivi.

"Mwalimu, hiki nakijua," akaniambia. "Ngazi ikishalala sana, ukiigusa kidogo tu inakimbia. Sikujua kuna namba yake."

Namba yake ndiyo dy/dx: kichwa kinashuka kiasi gani kwa kila kidogo ambacho mguu unasogea. Robo tatu pale, nne ya tatu hapa, zote zikiwa hasi kwa sababu kimoja kinaenda mbele kingine kinashuka. Mtu aliyepanda ngazi miaka saba alikuwa na difrensiesheni kwenye nyayo zake muda wote huo.

Tukachukua Thompson. Na hapo mimi nikafanya kosa. Kwa kuwa mazoezi ya Backhouse ni mengi na yamepangwa vizuri kutoka jepesi kwenda gumu, na majibu yako nyuma, nilimwambia asome maelezo kwa Thompson na maswali afanye kwa Backhouse. Nilidhani nampa kilicho bora cha kila upande. Wiki ya tatu akaja amechoka kabisa, na swali moja: "δx na dx ni kitu kimoja au viwili?"

Ni swali kubwa kuliko alivyodhani. Thompson anaiita dx kipande kidogo cha x. Mraba wenye ubavu x ukikua kwa dx, eneo linaongezeka kwa vipande viwili vyembamba, 2x·dx, na kona ndogo dx·dx ambayo anaitupa kwa kuwa ni kidogo cha kidogo. Ubavu wa sentimita 100 ukikua milimita 1, vile vipande viwili ni sentimita 20 za mraba, kona ni 0.01. Backhouse hatupi kitu. Anaanza na δx, badiliko dogo la kweli unaloweza kulipima, anagawanya δy kwa δx, ndipo anauliza uwiano huo unasogelea namba gani. Hiyo namba ndiyo dy/dx. Ukisoma vyote viwili usiku mmoja, herufi zinagongana kichwani.

Na watu wazima zaidi yetu walishagombana juu ya hilo. Leibniz, mmoja wa walioanzisha kalkulasi, alichapisha kazi yake 1684 akitumia vipande hivyo vidogo. Mwaka 1734 George Berkeley, askofu wa Ireland, akauliza hivi vitu ni nini hasa, ambavyo si sifuri unapogawanya kwavyo, kisha vinakuwa sifuri unapotaka kuvitupa. Swali lilikuwa la haki. Mwanahisabati Mfaransa Cauchy alianza kulijibu kwa limiti katika kitabu chake cha 1821, na katika miaka ya 1960 mwanahisabati Abraham Robinson akaonyesha kwamba hata vipande vidogo vyenyewe vinaweza kuwekwa juu ya msingi imara. Kati ya Leibniz na Cauchy ni zaidi ya miaka 130, na katika muda huo wote watu walikokotoa kwa vipande vidogo na majibu yao yakawa sahihi. Ndiyo maana sioni aibu kumwanzisha mtu na Thompson. Anapita njia ambayo kalkulasi yenyewe ilipita, na swali la Berkeley litamjia lenyewe. Fundi lilimjia wiki ya tatu.

Nilimwomba aweke Backhouse kabatini mpaka amalize sura ya kumi na nne ya Thompson. Kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na alama za aina moja. Mazoezi ya Thompson ni machache, lakini yana majibu, na yale yaliyopungua nilimwongezea kwa mkono. Kiingereza cha 1910 kilimsumbua, pamoja na inchi, pauni na shilingi za zamani. Alitengeneza ukurasa wa mwisho wa kaunta buku kuwa kamusi yake, hasa ya yale maneno madogo yanayofunga hoja, ya maana ya "kwa hiyo", "tuseme kwamba" na "ikiwa tu". Maneno hayo ndiyo yanayompoteza msomaji wetu kuliko istilahi kubwakubwa. Ukikosa "tuseme kwamba", unadhani mwandishi anakuambia ukweli uliopaswa kuujua, kumbe anapendekeza tu.

Kwa nini sura ya kumi na nne? Kwa sababu ndiyo inayozungumzia namba e (kama 2.718) na vitu vinavyokua au kufifia kwa kiwango kinachotegemea vilivyobaki, kama kitu cha moto kinavyopoa. Kapasita yake ilikuwa inamsubiri humo. Alifika mwezi wa nane. Tulichungulia kidogo sura za integresheni, ambako Thompson anaeleza kwamba ile alama ndefu ni herufi S iliyorefushwa tu, ya neno jumla. Leibniz ndiye aliyeianza, mwaka 1675. Fundi alisema hicho ndicho kitu ambacho angetamani mtu angemwambia miaka kumi iliyopita.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alikuja na betri ya volti 12, rezista ya kilo-ohm 10, kapasita ya mikrofaradi 1000 na mita yake. Kabla ya kuunganisha chochote aliandika mwenyewe: kasi ya kupanda kwa volti ni 12 kutoa volti iliyopo, gawanya kwa 10, kwa kuwa rezista mara kapasita ni sekunde 10. Mwanzoni volti 1.2 kwa sekunde. Ikifika 6, inapanda kwa 0.6 tu. Halafu akafanya integresheni, akapata kwamba baada ya sekunde 10 mita inapaswa kusoma 7.6 hivi.

Akaunganisha. Mimi nikashika saa. Kwenye sekunde ya kumi mita ilisoma 7.2.

Nilimwangalia nikihofia atasema kilekile alichosema mwezi wa kwanza. Hakusema. Alirudia mara mbili, ikawa 7.2 tena. Akapima betri, 12.0. Akaipima rezista peke yake, ikawa 10.0. Akavuta karatasi: 7.2 gawanya kwa 12 ni 0.6, imebaki 0.4, logi asilia (yaani logi ya msingi e) ya 0.4 ni −0.9163, na 10 gawanya kwa 0.9163 ni 10.91: hizo ndizo sekunde za rezista mara kapasita yenyewe. Kapasita za aina ile huandikwa namba moja na kuruhusiwa kupotoka hata asilimia 20. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika ubavuni mwa kapasita: 1091.